"Ndiyo" ya Guangzhou Siyo "Ndiyo" ya Kariakoo: Utandawazi Unavyobadili Mawasiliano ya Watu wa Tamaduni Tofauti

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, anayeagiza mikoba ya kike kutoka Guangzhou, China. Anapiga picha ya mkoba anaoutaka, anaituma kwa simu na kuandika idadi. Dakika chache baadaye anajibiwa: "Hakuna shida." Analipa malipo ya awali. Mzigo unapofika, zipu siyo ile aliyoitaka. Akiuliza, anaambiwa mbona walishaelewana.

Inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyedanganya. Kwa mmoja, "hakuna shida" ilikuwa na maana ya "tumekubaliana kila kitu". Kwa mwenzake ilikuwa "nimesikia, tuendelee". Simu iliwakutanisha haraka, lakini haikuwapa muda wa kujuana. Hapo ndipo utandawazi unapogusa mfuko wa mtu wa kawaida.

Utandawazi siyo jambo la jana

Utandawazi ni hali ya nchi, masoko na watu kuunganishwa na biashara, usafiri na teknolojia, kiasi kwamba kinachotokea upande mmoja wa dunia kinagusa upande wa pili. Watu wengi huuhusisha na intaneti, lakini pwani ya Afrika Mashariki iliujua mapema zaidi.

Katika magofu ya Kilwa Kisiwani kumepatikana vigae vya vyombo vya kaure kutoka China. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Kiswahili chenyewe kimebeba alama za safari hizo. Meza na leso ni za Wareno, gari na laki zimetoka India, shule ni ya Wajerumani. Hata chai, asili yake ni neno la Kichina "cha", lililopita kwa Waajemi kabla ya kufika kwetu.

Kati ya mwaka 1970 na 1975, maelfu ya Wachina na Waafrika walijenga pamoja reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Wengi wao hawakuwa na lugha moja. Walielewana kwa wakalimani, kwa ishara na kwa kutazamana kazini siku hadi siku.

Tofauti kubwa ya leo ni kasi. Zamani mtu aliishi na mgeni miezi au miaka kabla ya kufanya naye dili kubwa. Sasa anaweza kumtumia mamilioni mtu ambaye hajawahi kumuona hata sura.

Tafsiri ya simu inaishia wapi?

Nchini China, watu wengi huwasiliana kwa WeChat, programu iliyoanza mwaka 2011. WhatsApp haipatikani huko kwa njia ya kawaida. Ndiyo maana Mtanzania anayeagiza mizigo hulazimika kuwa na WeChat. Ndani yake kuna kitufe cha kutafsiri, unabonyeza meseji na maneno yanabadilika.

Kitufe hicho kimerahisisha mambo mengi. Lakini kuna mitego ambayo hakiwezi kuitegua.

Wa kwanza ni saa. Mswahili akiandika "saa mbili asubuhi", programu inaweza kumpelekea mwenzake saa 2 ya usiku wa manane, kwa sababu haijui kwamba Waswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Tena China iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Saa sita mchana Kariakoo ni saa kumi na moja jioni Guangzhou. Anayesubiri apate chakula cha mchana ndipo aanze kuchati, anakuta wenzake wanafunga.

Wa pili ni hesabu. Wachina huhesabu namba kubwa kwa mafungu ya elfu kumi, yanayoitwa "wan". Mswahili ana laki, yaani elfu mia moja. Kwa hiyo laki moja ya Kariakoo ni "wan" kumi za Guangzhou, na milioni moja ni "wan" mia. Mtu akichanganya mafungu hayo wakati anaongea haraka, sifuri moja inaongezeka au inapotea.

Wa tatu ni sauti. Kichina ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunabadili maana. Neno "mai" likitamkwa kwa toni inayoshuka kisha kupanda ni kununua. Likitamkwa kwa toni inayoshuka kwa ghafla ni kuuza. Kwa mtu wa sokoni, hakuna maneno mawili yenye uzito kuliko hayo, na masikio yasiyozoea huyasikia kama neno moja.

Kukataa bila kusema hapana

Mwaka 1976 mwanaanthropolojia wa Marekani, Edward T. Hall, alieleza katika kitabu chake *Beyond Culture* kwamba jamii hazilingani katika kiasi cha maana kinachowekwa kwenye maneno. Kuna jamii ambazo mtu husema wazi anachotaka. Kuna nyingine ambazo sehemu kubwa ya ujumbe iko nje ya maneno: nani anaongea, mbele ya nani, na amenyamaza muda gani.

Wachina na Waswahili, wote wanajulikana kwa kuzungusha maneno pale "hapana" inapoweza kumuumiza mtu. Mchina anaweza kusema "tutafikiria", na mwenzake Mchina akaelewa kwamba jambo limeishia hapo. Mswahili naye ana "njoo kesho", "ngoja nimuulize bosi" na "Mungu akipenda". Mwenyeji hupima uzito wa maneno hayo bila kufundishwa. Mgeni anayasoma kwenye simu na kuyaamini kama yalivyo.

Sababu pia inafanana. Wachina huzungumzia "mianzi", yaani uso wa mtu mbele ya watu: heshima yake. Kumkosoa muuzaji mbele ya wafanyakazi wake, au kwenye kundi la kuchati, ni kumvunjia uso. Mswahili analijua hilo kwa jina lingine, kumsitiri mtu. Kwa hiyo mteja anayelalamika faraghani huwa na nafasi kubwa ya kusikilizwa kuliko anayeanza kwa kufoka.

Salamu nazo zina kazi yake. Mswahili huona ni utovu wa adabu kuanza na bei kabla ya kuuliza habari za nyumbani. Anapopokea meseji ya kwanza inayosema "Unataka vipande vingapi?", anahisi amedharauliwa. Kumbe naye mwenzake ana salamu yake ya asili, "Umekula?", ila hajui kama inafaa kwa mteja wa mbali.

Vidole na vikatuni

Wachina huhesabu moja hadi kumi kwa mkono mmoja. Kidole gumba na kidole cha mwisho vikinyooshwa ni sita. Dar es Salaam, ishara hiyohiyo humaanisha "nipigie simu". Kidole gumba na cha shahada vikinyooshwa ni nane, wakati kwa mtu wa Kariakoo vidole viwili ni mbili.

Kwenye simu kuna emoji. Ile ya uso unaotabasamu kidogo, ambayo kwa wengi ni dalili ya wema, kwa vijana wengi wa China hubeba kejeli au kuchoshwa. Mteja anayeituma ili kupoza mjadala wa bei anaweza kuonekana anabeza.

Nani anabeba hasara?

Katika biashara hii ni kawaida mnunuzi kulipa asilimia 30 mwanzoni na asilimia 70 kabla mzigo haujapakiwa. Maana yake, kontena linapofika bandarini fedha zote zimeshatoka. Kutoelewana kukigundulika hapo, aliyelipa ndiye anayeumia zaidi. Kwa mwenye duka dogo, mzigo mmoja ulioharibika unaweza kuwa mtaji wote, na pengine mkopo.

Ndiyo maana wazoefu wamejitengenezea namna yao ya kuwasiliana. Dukani Guangzhou, kalkuleta hupokezanwa mkono kwa mkono: huyu anaandika bei, yule anafuta na kuandika yake. Maneno ni machache na namba hazina lafudhi. Kiingereza kinachotumika ni cha kuokoteza, nacho siyo cha mmoja wao.

Wazoefu hao hufuata pia mambo haya:

- Huandika tarehe kwa jina la mwezi, kwa sababu China huanza na mwaka wakati Tanzania huanza na siku.
- Huandika saa kwa mfumo wa saa 24 na kutaja ni saa za mji gani.
- Huandika namba kwa tarakimu zote, bila "laki" wala "wan".
- Hawaulizi "Sawa?", kwa sababu jibu litakuwa "sawa". Huuliza "Nionyeshe zipu utakayoweka", kisha husubiri picha.
- Hutafuta mkalimani wao wenyewe, mara nyingi Mtanzania aliyesoma China, badala ya kumtegemea wa muuzaji.

Lugha inasafiri pande zote

Mara nyingi husemwa kwamba utandawazi unameza lugha ndogo. Kwa Kiswahili, hadithi ina pande mbili. Radio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu mke kijana, Doudou, na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Watazamaji hawakuhitaji kuelezwa ugomvi wa mkwe na mkamwana. Na mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Doudou alieleweka kwa sababu kuna mtu aliyekaa chini na kutafsiri maisha pamoja na maneno. Simu bado haijafika huko. Ikiandika "hakuna shida", mwenye mtaji wake huomba kwanza picha ya zipu.