Barza ya Lugha Tano

Mwishoni mwa mwaka 1998 kampuni ya Sega ilianza kuuza nchini Japani mashine ya michezo iitwayo Dreamcast. Iliungwa na televisheni kama zilivyoungwa nyingine, ila hii ilikuwa na modemu ndani yake. Hadi hapo michezo ya aina hiyo aghalabu ilikuwa ya sebuleni: wewe na nduguyo mmekaa jamvi moja. Isao Okawa, mwenyekiti wa Sega, aliona kwamba waya wa simu unaweza kulitandaza jamvi hilo hadi ng'ambo, akawahimiza Yuji Naka na wenzake wa Sonic Team watunge mchezo wa kulikalia.

Mchezo huo, Phantasy Star Online, ulitoka Disemba 2000. Hadithi yake ni nyepesi, wala haihitaji maelezo marefu: wahamiaji wamefika sayari ya Ragol, waliowatangulia wametoweka, na wachezaji wasiozidi wanne huteremka pamoja kuwatafuta. Kabla ya kuteremka walikutana ukumbini, ndani ya "merikebu", maana ndilo jina iliyopewa kila seva. Sisi watu wa visiwani hatuoni ajabu.

Linalomstahiki mpenzi wa ushairi ni namna walivyozungumza. Mjapani na Mfaransa waliweza kujikuta kundi moja, hakuna ajuaye lugha ya mwenziwe. Kwa ajili yao ilitayarishwa hazina ya sentensi katika Kijapani, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Mchezaji aliteua sentensi, akaijaza pengo lake kwa neno alilolitaka, na kila mmoja akaisoma kwa lugha yake. Aliyekosa sentensi alichora uso kwa maumbo machache. Lugha hiyo ilikuwa maskini, haina fumbo wala jazanda, na kumtania mtu kwayo ni shida. Lakini ilitosha kuomba msaada, kushukuru na kuagana, nami naihesabu kuwa kazi kubwa kuliko joka na mapango yote ya Ragol. Kiswahili hakikuwamo; na siku zile, huku kwetu, hata hiyo simu ya nyumbani walikuwa nayo wachache.

Tarehe 31 Januari 2001, mchezo ukiwa bado mbichi, Sega ilitangaza kwamba itaacha kuitengeneza Dreamcast. Machi ya mwaka huo Okawa akafariki. Seva za Japani zilidumu hadi 2007.

Ila mhusika wa kila mchezaji alihifadhiwa katika kadi ndogo ya kumbukumbu, mkononi mwa mwenyewe. Kwa mlango huo wadanganyifu walipenya wakaghushi silaha. Kwa mlango huo huo, seva zilipofungwa, mtu alibaki na shujaa wake, japo hana pa kumpeleka. Wapenzi wa mchezo wakajenga seva zao wenyewe. Na kwa kuwa nyumba nyingi hazina tena simu ya waya, wakabuni kijikompyuta kinachoigiza mlio wa laini ya simu. Dreamcast kuukuu huusikia mlio huo, ikaamini, ikapiga.