Tembe na Boma: Ufundi wa Ujenzi Katika Nyanda za Juu

Ikitajwa nyumba ya kale mjini Iringa, kidole cha kila mtu huelekea Boma, jengo la mawe lililosimamishwa na Wajerumani katika mwaka 1900. Lilianza kuwa hospitali ya jeshi lao, kisha likawa ofisi ya serikali kwa miaka mingi. Baada ya kukarabatiwa chini ya mradi wa Chuo Kikuu cha Iringa, uliosaidiwa na Umoja wa Ulaya, lilifunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho ya mkoa. Kazi hiyo yastahili sifa. Huitwa jengo la Wajerumani, ingawa Mjerumani hakujitwika mawe. Lakini ufundi wake haukuwa wa kwanza katika nchi ile.

Wahehe walikaa katika tembe. Fundi alisimika nguzo, akafunga fito, akakandika udongo ndani na nje. Juu alilaza boriti, akatandika fito na majani, akamwaga udongo na kuushindilia mpaka paa likawa bapa kama sakafu. Nyumba ilikuwa ndefu, yenye pembe nne, ikiuzunguka ua. Paa la namna hiyo halishiki moto upesi kama nyasi, na hilo si jambo dogo katika nchi ya vita. Adui wake ni mvua. Ufa mdogo usipozibwa mapema, maji huishukia boriti, boriti huoza, na paa zima huinama. Kwa hiyo kukarabati hakukuwa tukio, kulikuwa desturi ya mwaka.

Huko Kalenga, Mtwa Mkwawa aliuzungushia mji wake ukuta wa mawe. Tarehe 30 Oktoba 1894 majeshi ya Gavana von Schele yaliuvunja na kuuteka. Mwaka 1896 Tom von Prince akaanzisha mji mpya juu ya kilima, ndio Iringa ya leo. Mshindi alijenga kwa mawe, na mawe hungoja hata yakisahauliwa. Udongo haungoji.

Upande wa Mbeya, chini ya mlima Rungwe, Wanyakyusa walijenga kwa mianzi, wakijaza udongo kati yake kwa mkono, kwa unadhifu uliomstaajabisha Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1879. Msafiri huyo hakuwa mwepesi wa kusifu kila alichokiona Afrika.

Fundi wa sasa huharibu mara nyingi kwa nia njema. Ukuta wa mawe ulioungwa kwa udongo au chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Akiupaka saruji, kwa kuwa saruji ni ngumu, unyevu hufungiwa ndani. Lipu huvimba na kubanduka, na kiungo cha ndani hulegea huku uso ukionekana mzima. Chokaa huchelewa kukauka, nayo hutaka mkono uliozoea. Udongo wa tembe hutaka zaidi: mtu ajuaye ni upi unaoshika na ni upi unaopasuka.

Mtu huyo hakarabatiwi kwa fedha za mradi. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, kina nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa miti, udongo na nyasi. Na kila paa linapochoka, hutafutwa tena fundi anayejua kuliezeka.