Maji ya chokaa kwa tangi la matumbawe: umeme ukikatika, funga mrija kwanza

Wadau, aliyepita maabara ya sekondari anayakumbuka maji ya chokaa: ukiyapulizia pumzi yanageuka kama maziwa, maana hewa ya ukaa imekutana na chokaa. Maji hayo hayo huwapa matumbawe kalsiamu ya kujengea mifupa yao ndani ya tangi la maji chumvi. Ukisaka kwenye intaneti andika Kalkwasser, jina la Kijerumani lililoenea duniani.

Pwani yetu tumezoea kinyume chake. Kunduchi na Mafia matumbawe yalivunjwa, yakachomwa tanurini, ikapatikana chokaa ya kujengea nyumba. Kwenye tangi, chokaa ndiyo inarudi kuwa tumbawe.

Matayarisho ni haya:

1. Tafuta kalsiamu haidroksaidi safi, ya daraja la maabara au la chakula. Chokaa ya kupaka ukuta ina uchafu. Ile ambayo haijazimwa usiiguse kabisa, ikipata maji inachemka.

2. Chukua lita 4 za maji baridi yaliyochujwa vizuri, weka kijiko kimoja cha chai hadi viwili. Kwa joto la Dar lita moja inayeyusha kama gramu 1.5 tu. Usipashe moto, maana chokaa si sukari: joto likizidi, inayeyuka kidogo zaidi.

3. Koroga, funika, acha masaa kadhaa ituame. Tumia maji maangavu ya juu. Ukiacha wazi, hewa itayawekea utando mweupe na nguvu itapungua.

4. Dondosha tone tone, hasa usiku, kujazia maji yaliyopotea kwa mvuke. pH yake inapita 12, wakati tangi linataka kama 8.0 hadi 8.4. Ukimwaga kwa mkupuo, umeua.

Sasa sisi wa Kimara, tatizo ni umeme. Ukikatika, pampu inazima na maji hayazunguki, lakini chupa iliyotundikwa juu inaendelea kudondosha. Asubuhi unakuta samaki chali. Kwa hiyo funga mrija kwanza, ndipo utafute mshumaa.

Vaa glavu na miwani. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi na uwahi hospitali.

Na matumbawe jamani msiyafuate Mbudya wala Bongoyo. Hizo ni hifadhi za bahari tangu 1975.

Mwenye tangi tayari atupe uzoefu.