Sheria, Ofisi na Neno Lililokatazwa: Utabiri wa Tonado Marekani, 1870–2017

Historia ya utabiri wa hali mbaya ya hewa nchini Marekani husimuliwa zaidi kama historia ya vyombo: telegrafu, rada, setilaiti. Ipo historia nyingine, ya nani aliyeruhusiwa kuonya na kwa maneno gani.

Tarehe 9 Februari 1870 Rais Ulysses S. Grant alitia saini azimio lililolikabidhi jeshi kazi ya kupima hali ya hewa na kutangaza kwa telegrafu ujio wa dhoruba katika maziwa ya kaskazini na pwani. Onyo lilikusudiwa mabaharia. Mkulima wa bara, ambaye adui yake ni tonado, kisulisuli kinachong'oa nyumba, hakuahidiwa kitu.

John P. Finley, mwanajeshi, alianza kujaribu kutabiri tonado mwaka 1884. Kabla ya muongo huo kwisha, wakubwa walikataza neno lenyewe lisitumike katika utabiri, kwa hoja kwamba taharuki ingedhuru kuliko upepo. Sheria ya 1890 ilipoihamishia huduma hiyo Wizara ya Kilimo, katazo lilihama pamoja na mafaili. Bunge halikuliweka wala halikuliondoa. Lilikaa hadi 1938. Kasoro haikuwa katika kifungu chochote, bali katika yale ambayo sheria iliyanyamazia.

Hata baada ya hapo ofisi ya kiraia ilisita. Tarehe 20 Machi 1948 tonado iliharibu ndege nyingi katika kambi ya Tinker, Oklahoma. Siku tano baadaye maafisa wawili wa jeshi la anga, Ernest Fawbush na Robert Miller, waliona dalili zilezile, wakatoa onyo alasiri. Jioni tonado ikapiga kambi ileile. Onyo hilo lilikuwa la kambi tu. Raia wa jirani, waliokaa chini ya wingu hilohilo, walisubiri hadi 1952 kupata utabiri wa aina hiyo kwa utaratibu wa kawaida.

Sheria ya utafiti na ubunifu wa utabiri iliyotiwa saini tarehe 18 Aprili 2017 inaonekana kuikumbuka historia hiyo. Inataka tonado itabiriwe zaidi ya saa moja kabla, ilhali wastani wa maonyo ulikuwa chini ya dakika 20. Lakini jipya zaidi, ingawa hutajwa kwa nadra, ni kwamba inaagiza pia uchunguzi wa namna wananchi wanavyolipokea onyo na wanavyoamua la kufanya. Ile taharuki iliyodhaniwa tu katika miaka ya 1880 sasa ilipaswa kupimwa.