Bureti Tatu za Kware

Jina Kware ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe, quarry, likalainishwa na ndimi zetu. Nilianza kufundisha kemia hapa Kware mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoanza kutoa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Wanafunzi wakafurika, madawati yakabaki yale yale. Wanne kitabu kimoja. Bureti, mirija ya kupimia vimiminika katika majaribio, zilikuwa tatu, na maji ya majaribio tuliyanunua kwa jerikeni. Wengine waliishika bureti mara ya kwanza siku ya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE. Matokeo yalipotoka, watu walihesabu alama za D, bureti hawakuzihesabu. Jambo hilo bado linaniuma. Msichana mmoja alijizoeza kwao kwa bomba la sindano na maji ya ndimu, tone kwa tone. Alipata B.