Shaba ya Mashamba katika Mwili wa Roboti

Ndani ya mota inayoinua mkono wa roboti kuna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye kiini cha chuma. Umeme ukipita, waya huzaa nguvu ya sumaku na mhimili huzunguka. Gia hupunguza kasi na kuongeza nguvu. Waya huo ni wa shaba, na historia ya shaba inapita Mashamba, kwenye mashimo ya migodi magharibi mwa Kolwezi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Ufundi wa shaba ni wa kale katika nchi hii. Mafundi wa Katanga waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo wakamimina misalaba ya shaba. Mingine imefukuliwa makaburini Sanga, bondeni mwa Lualaba. Katika karne ya 19 Wayeke wa mfalme Msiri, waliotoka Unyamwezi, waliweka makao Bunkeya. Mafundi wao walivuta ufito wa shaba kupitia tundu la chuma, kisha tundu dogo zaidi, mpaka ukawa waya. Wakauzungusha juu ya nyuzi kutengeneza bangili. Waya wa mota hutengenezwa kwa kanuni hiyohiyo: huvutwa, hupakwa vanishi ya kuzuia umeme, ndipo huzungushwa.

Msiri aliuawa mwaka 1891. Baadaye kampuni ya Union Minière, iliyoundwa 1906, ilianza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911, na mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, Likasi, kikaanza kuisafisha kwa umeme. Usafi huo ndio unaohitajiwa na mota, kwa kuwa uchafu kidogo tu hudhoofisha uwezo wa shaba kupitisha umeme. Serikali ilitaifisha migodi mwaka 1967, na urithi huo ukawa wa kampuni ya serikali, Gécamines.

Pamoja na shaba hutoka kobalti. Mwaka 1991 Sony ilianza kuuza betri za lithiamu zenye kobalti, na mashine zikaweza kubeba umeme mwingi kwa uzito mdogo. Leo Kongo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Mashamba Mashariki iko chini ya Kamoto Copper Company; Mashamba Magharibi iliingia katika mradi wa Sicomines, uliotokana na mkataba wa 2008 na kampuni za China.

Madini huondoka mkoa wa Lualaba kama mabamba ya shaba na unga wa kobalti, kisha hurudi yakiwa mota na betri za kununuliwa. Uwezo wa kuunda tunao: mwaka 2013 roboti za mhandisi Thérèse Kirongozi, zenye kamera na paneli za jua, zilianza kuongoza magari Kinshasa. Shule za ufundi za Kolwezi zifundishe kuvuta waya, kusuka mota na kuunganisha betri, na zifundishe pia kwamba ufundi wa waya una mizizi Bunkeya. Kijana anayejua hayo ataidai kazi ya kuunda kama haki ya urithi wake.