Kilemba cha Fundi na Kilemba cha Ukoka

Neno kilemba lina maana mbili zinazokaa nyumba moja. Ya kwanza kila mtu anaijua: kitambaa kinachozungushwa kichwani. Ya pili imebaki kwa wazee na kwenye makamusi: ni kile alichopewa fundi siku mwanafunzi wake alipohitimu. Kijana alipelekwa kwa seremala akiwa hajui hata kushika nyundo. Akatumwa maji, akafagia vumbi la mbao, akakabidhiwa msasa, kisha randa. Siku alipounda mlango wake mwenyewe, ukaning'inia na kufunga bila kukwama, ndipo wazazi walipobeba kilemba wakaenda kwa fundi. Malipo yalikuja mwisho.

Sitaki kuipaka asali mila hiyo. Kijana alikuwa amekwisha kulipa kwa jasho, na wapo mafundi waliomweka mtoto wa watu miaka mitatu akichemsha chai huku siri ya kazi wakiificha. Lakini mpangilio wenyewe ulibeba swali zuri: mafunzo yasipomlisha aliyefunzwa, hasara inamwangukia nani? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye sheria za Marekani kuhusu vyuo vya kazi, ambako nimekuta serikali na mahakama zikivutana zaidi ya miaka 10 juu ya maneno machache tu.

Maneno hayo yanatoka katika sheria za elimu za mwaka 1965. Yanasema kwamba kozi fupi ya ufundi, na karibu kila kozi ya chuo cha biashara, yaani chuo cha binafsi kinachoendeshwa kwa faida, itapokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi endapo tu inamwandaa mtu kwa kazi yenye kipato katika fani inayotambulika. Mwaka 1972 mlango wa ruzuku, ambayo leo inaitwa Pell, ulifunguliwa kwa vyuo vya biashara pia. Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Fedha zinamfuata mwanafunzi: anakwenda nazo chuoni, chuo kinachukua ada yake mwanzoni mwa muhula, na mwanafunzi anabaki na deni la ile sehemu iliyokuwa mkopo. Yaani kilemba kinatolewa mlangoni, randa haijashikwa. Na kwa miaka zaidi ya 40 hakuna aliyeandika mahali popote kipato hicho ni kiasi gani.

Wamarekani walikuwa na kila sababu ya kuandika mapema. Baada ya sheria ya mwaka 1944 iliyowalipia askari waliorudi kutoka Vita vya Pili, vilichipuka vyuo vya kila aina vilivyokuwepo kwa ajili ya hundi za askari tu. Bunge lilipotunga sheria kwa ajili ya askari wa vita vya Korea mwaka 1952, liliweka kanuni ya busara ya sokoni: kozi ambayo zaidi ya asilimia 85 ya wanafunzi wake wanalipiwa na serikali, serikali isiingize mwanajeshi mwingine. Kama bidhaa ni nzuri, wapo watakaoinunua kwa fedha yao. Miaka 40 baadaye, mwaka 1992, wazo hilo likahamishiwa kwenye mapato ya vyuo vya biashara: yasizidi asilimia 85 kutoka mfuko wa misaada ya wanafunzi. Mwaka 1998 kiwango kikalegezwa kuwa asilimia 90. Lakini fedha za askari hazikuhesabiwa kuwa fedha za serikali, kwa hiyo mwanajeshi mstaafu akageuka mali adimu: kila mmoja aliyeandikishwa alikiruhusu chuo kuwapokea wengine wa mikopo. Tundu hilo lilizibwa kwa sheria ya mwaka 2021.

Kanuni ya namna hiyo hupima mnunuzi ni nani. Haimuulizi mhitimu alikoishia. Swali la pili lilijibiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2011, wakati wa Rais Obama, na jibu halikudumu. Mwaka 2012 jaji wa mahakama ya serikali kuu mjini Washington alikubali kwamba wizara ya elimu ina mamlaka ya kupima kipato, ila akahoji mojawapo ya vipimo, kile cha kutaka angalau asilimia 35 ya wakopaji wawe wanapunguza deni lao. Kwa nini 35, isiwe 30 au 40? Wizara haikuwa na sababu ya kumtosheleza, na karibu kanuni yote ikaanguka.

Ikarudi mwaka 2014 ikiwa na hesabu iliyokaa vizuri zaidi. Chukua deni la kati la wahitimu wa kozi, ligawe katika malipo ya kila mwaka, halafu ulinganishe na kipato chao. Malipo yasizidi asilimia 8 ya kipato chote, au asilimia 20 ya kinachobaki baada ya kutoa gharama za kuishi. Tuseme kozi ya cheti inawaachia wahitimu deni la dola 12,000. Kwa riba ya kama asilimia 6 na miaka 10 ya kulipa, hiyo ni takribani dola 1,600 kwa mwaka. Mhitimu anapaswa kupata kama dola 20,000 ili kozi ipite kwa kipimo cha kwanza. Yupo anayepata 18,000? Kozi inaingia eneo la hatari. Anapata 13,000? Imepita asilimia 12, na ikishindwa hivyo mara mbili katika miaka mitatu, inakatiwa fedha. Kwa lugha ya kilemba: ukimfundisha mtu ushonaji, asiweze kula kwa ushonaji, usilete mkono kwa mwingine.

Matokeo ya kwanza yalitoka Januari 2017. Zaidi ya kozi 800 zilishindwa, na asilimia 98 ya hizo zilikuwa za vyuo vya biashara. Wakati huo kampuni ya vyuo vya aina hiyo, Corinthian Colleges, ilikuwa imekwisha kufunga milango yake, Aprili 2015, na ITT Technical Institute ikafuata Septemba 2016. Wanafunzi wa Corinthian peke yao walikuja kusamehewa dola bilioni 5.8 mwaka 2022, watu 560,000. Nimeitazama namba hiyo mara nyingi. Fedha zile zililipwa chuoni, zikatumika, chuo kikafa. Aliyebaki kubeba ni mlipakodi. Fundi alikuwa amekwenda na kilemba chake, na vijana wakabaki na kile ambacho Waswahili wanakiita kilemba cha ukoka: umevishwa, umesifiwa, na upepo wa kwanza unakipeperusha.

Lakini katika orodha ile ya walioshindwa palikuwa na jina lililowafanya watu wakohoe: Harvard. Kozi ya uigizaji katika taasisi ya American Repertory Theater haikutoa shahada ya Harvard, bali cheti, kwa hiyo ikanaswa na kanuni iliyotungiwa vyuo vya vichochoroni. Wahitimu wake walikuwa na deni la kama dola 78,000 na kipato cha kama 36,000. Chuo kikasimamisha udahili. Waliocheka walikuwa na haki ya kucheka, na waliolalamika nao walikuwa na hoja: kozi hiyohiyo ingekuwa na jina la shahada, kanuni ingepita kando bila hata kuisalimu. Sheria iliyopitishwa Julai 2025 ndiyo iliyoufikisha mtihani wa kipato kwenye shahada: kozi ambayo wahitimu wake hawawazidi kipato wale wasiokwenda chuo, mikopo yake inakauka.

Kesi inayonigusa mimi zaidi ni ya wasusi. Mwaka uleule wa matokeo ya kwanza, 2017, chama cha vyuo vya urembo kilikwenda mahakamani kikisema kwamba takwimu za serikali hazioni kipato chote cha saluni. Msusi anapewa bakshishi mkononi, na si kila bakshishi inafika kwa mtoza kodi. Jaji, yuleyule wa 2012, aliona kwamba njia waliyopewa ya kukata rufaa ilikuwa finyu mno, akaipanua kwa ajili ya wanachama wa chama hicho. Mwaka 2019 kanuni nzima ikafutwa na utawala uliofuata. Mwaka 2023 ikaandikwa upya na uliofuata huo. Niweke kidole kwenye bakshishi ya msusi. Nitairudia nikifika nyumbani.

Ujerumani hawabishani hivyo, na si kwa sababu wao ni watu wema zaidi. Kwao mwanafunzi wa ufundi anaanza kwa kutafuta mwajiri. Anatia saini mkataba, siku kadhaa za wiki yuko kazini na siku moja au mbili yuko shuleni, kwa miaka mitatu hivi, na mwajiri anamlipa posho. Tangu mwaka 2020 posho hiyo ina kima cha chini: ilianza euro 515 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, na mwaka 2025 ilifika 682. Mwenye karakana hamchukui kijana ambaye hamhitaji, maana anatoa fedha yake kila mwezi. Kwa hiyo swali la kama kozi ina kazi mbele yake linajibiwa kabla haijaanza. Fani inayotambulika nayo ina uzito mwingine: sheria ya mwaka 1969 inataka fani iandikwe, mtaala wake ukubaliwe na waajiri na vyama vya wafanyakazi, na mtihani usimamiwe na chemba. Zipo kama 320. Marekani, fani kutambulika ni kuwa na namba katika orodha ya takwimu.

Ubaya wa njia ya Wajerumani ni kwamba asiyepata mwajiri hana pa kuanzia. Maelfu ya vijana hukaa katika kozi za matayarisho wakisubiri, na watoto wa wahamiaji ni wengi kati yao. Mlango ukiwa na bawabu anayelipa kutoka mfukoni mwake, bawabu atachagua sura.

Sasa nyumbani. Tanzania ilianzisha mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, kwa sheria ya mwaka 1994, na waajiri wanaichangia kwa tozo ya ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara tangu 2023, ingawa sehemu tu ya tozo hiyo ndiyo inayofika huko. Kwa sababu hiyo ada ya VETA imekuwa ndogo kwa miaka: shilingi 60,000 kwa anayetoka nyumbani, 120,000 kwa anayelala bweni. Hapo hakuna deni la kupimwa. Deni linaingia kwingine. Bodi ya mikopo, HESLB, iliundwa mwaka 2004 kwa ajili ya elimu ya juu, na mwaka wa masomo 2023/24 ikaanza kuwakopesha wa stashahada katika fani za kipaumbele: afya, ualimu wa sayansi, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Kenya ilikuwa imetangulia: kuanzia 2018 karo ya chuo cha ufundi cha umma iliwekwa shilingi za Kenya 56,420 kwa mwaka, serikali ikatoa 30,000 na bodi yake ya mikopo, HELB, ikakopesha 26,420 zilizobaki, mpaka mfumo ulipobadilishwa 2023.

Tazama wanachouliza. Tanzania wanauliza: fani gani, na je, chuo kina ithibati ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET? Kenya wameuliza: chuo ni cha umma? Ithibati yenyewe inahesabu walimu, karakana, vyoo, vitabu. Yote ni maswali ya mlangoni. Mkaguzi huiona mashine ya kuchomelea. Hamuoni mchomeleaji miaka mitatu baadaye.

Na kuna namba moja inayonikera. Aliyekopa HESLB akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Najua kulinganisha hiyo na asilimia 8 ya Wamarekani ni kulinganisha embe na nazi: mkopo wa Tanzania hauna riba, tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021, na makato makubwa humaliza deni mapema. Hata hivyo, kwa kanuni ile ya 2014, Mmarekani akivuka 8 chuo ndicho kilichoitwa kujieleza. Hapa 15 ni utaratibu tu, na chuo hakijui hata kwamba kuna kitu kinakatwa.

Basi tuichukue kanuni yao? Kumbuka msusi. Marekani, ambako karibu kila mshahara unaacha alama kwenye kodi, bakshishi za saluni zilitosha kuifikisha kanuni mahakamani. Kwetu nchi nzima ni saluni. Mhitimu wa umeme wa magari yuko gereji chini ya mwarobaini, leo amepata 40,000, kesho hana kitu, keshokutwa amelipwa mafuta ya kupikia. Ukipima kozi kwa mishahara inayoonekana, utafunga karakana bora ya uchomeleaji mtaani Gerezani, Dar es Salaam, na kuacha wazi kozi ya ukarani inayotoa makarani wawili walioajiriwa serikalini na mia walio nyumbani.

Katika sheria yao ya 2025 kipo kipengele kinachotufaa zaidi kuliko zile asilimia. Kuanzia Julai 2026 ruzuku ya Pell inaruhusiwa kulipia mafunzo mafupi ya wiki 8 hadi 15, kwa masharti: asilimia 70 wamalize, asilimia 70 wapate kazi, na ada isizidi thamani ambayo mafunzo yamemwongezea mhitimu. Sharti la mwisho angelielewa mzee yeyote aliyewahi kubeba kilemba kwenda kwa fundi: kipimwe kwa kazi iliyofunzwa.

Na hatuhitaji kumfuata mchomeleaji gereji ili tuanze. Bodi zetu za mikopo tayari zinajua, kwa kila mkopaji, alisoma chuo gani, kozi gani, lini alianza kulipa na lini aliacha. Majina ya wasiolipa yamewahi kuchapishwa magazetini, kurasa kwa kurasa. Jedwali la vyuo, kila kozi na idadi ya wahitimu wake wanaolipa, lingetosha ukurasa mmoja, na mzazi angelibandika ukutani kabla ya kuuza ng'ombe.